Shada, Kishada na Hirizi: Maneno ya Mapambo Yaning'iniayo na Njia Yaliyopitia Hadi Kasese na Bwera

Ndugu waliokabidhiwa kazi ya kukusanya kitabu hiki cha kumbukumbu wameniachia kurasa chache, nami nimeona nizitumie kwa neno moja la Kiswahili, neno dogo ambalo husikika kila sikukuu inapokaribia: shada, na udogo wake kishada.

Msomaji ataweza kuuliza kuna haja gani ya kupoteza wino kwa neno la mapambo, hali mambo ya jumuiya ni mengi na madrasa zataka mabati. Haja ipo. Imeenea miongoni mwetu hoja isemayo kwamba kila kitu kining'iniacho, kiwe shingoni, mkononi, kiunoni au ukutani, ni hirizi. Na kwa kuwa hirizi haifai, basi kila kining'iniacho hakifai. Kwa hoja hiyo wapo akina bibi wa milimani waliosilimu uzeeni wakaambiwa wakate shanga walizovishwa na mama zao. Wapo pia vijana walioambiwa washushe nyuzi za karatasi za rangi walizozitundika uani kwa ajili ya Idi. Mimi si mufti, wala sitatoa fatwa hapa. Kazi hiyo ina wenyewe. Lakini hoja hiyo imesimama juu ya maneno, na maneno yana historia yake. Mtu akichanganya maneno mawili yasiyo na asili moja, hukumu yake nayo huenda ikamwangukia asiyestahili.

Tuanze na maana. Katika Kiswahili cha pwani shada ni vitu vingi vya namna moja vilivyokusanywa vikafungwa pamoja. Shanga zilizotungwa uzini na kufungwa ncha zake ni shada. Maua yaliyofungwa pamoja ni shada la maua. Matunda yaliyoshikamana kwenye kikonyo kimoja, kama zabibu, nayo huitwa kishada. Nyuzi zilizokatwa sawasawa na kukazwa kichwani ni kishada: ndicho kile cheusi kilichokuwa kikiyumba juu ya tarbushi nyekundu za wazee wetu, na ndicho kile kifungacho mwisho wa tasbihi. Waomani wanacho kishada chembamba kwenye shingo ya kanzu zao, wao hukiita furakha, nao hukitia manukato ili harufu nzuri imfikie mvaaji kila anapoinamisha kichwa. Kanzu yetu ya Uganda haina kishada hicho. Yetu ina darizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na mbele ya kifua, nayo yatutosha.

Tena watoto wa Mombasa na Unguja huita kishada kile kitu cha karatasi na vijiti wanachokirusha upeponi kwa uzi mrefu, chenye mkia wa vitambaa vilivyofungwa kimoja nyuma ya kingine. Jina lake la pili ni tiara, nalo latokana na neno la Kiarabu la kuruka. Na siku hizi afapo mtu mkubwa wa serikali, utasikia mwenye kuongoza shughuli akiwaita wageni kwa vyeo vyao waje kuweka mashada juu ya kaburi.

Hebu msomaji avitazame vitu hivyo vyote kwa pamoja. Kuning'inia si sharti. Shada lililolazwa kaburini halining'inii popote, na kishada cha watoto chapaa juu. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote vimefungwa.

Na hivyo ndivyo asili ya neno inavyosema. Shada latokana na neno la Kiarabu shadda, yaani kufunga, kukaza, kuimarisha. Ndugu zake tunao katika Kiswahili bila ya kuwatambua. Tunaposema jambo limekuwa shadidi, yaani kali na zito, au kwamba msemaji alishadidia maneno yake, tumo katika nyumba ile ile. Ndugu mwingine amekaa madrasani. Kila mtoto aliyefunguliwa juzuu anaijua ile alama ndogo ya meno matatu inayowekwa juu ya herufi, nayo huitwa shada. Inasimuliwa kwamba aliyeiweka ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyeishi Basra na ambaye nasaba yake ni ya Kiazdi wa Omani. Aliichukua herufi ya shini, ambayo ndiyo ianzayo neno lenyewe, akakata mkia wake, akaondoa nukta zake, akakiacha kichwa tu. Kazi ya alama hiyo ni kuonyesha kwamba herufi mbili zimefungwa zikaandikwa kama moja, lakini ulimi hauna ruhusa ya kuisahau ya pili. Mim ya pili katika jina la Mtume wetu ina shada juu yake, na mtoto anayeipita bila ya kuikaza hurudishwa nyuma mara moja. Waandishi wa sarufi ya Kiswahili nao wameliazima neno hilo, wakaita shadda ule mkazo wa sauti ambao katika maneno yetu mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Basi shanga za bibi na alama ya msahafuni zimeitwa jina moja, wala si kwa bahati. Zote mbili ni vitu vingi vilivyokazwa kuwa kitu kimoja.

Asije mtu akadhani kwamba Waswahili hawakujua kufunga shanga mpaka walipoletewa neno la Kiarabu. Neno kongwe la Kibantu ni kutunga. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, na wavuvi wa Katwe na Kazinga wanaujua vizuri utungo wa samaki hata kama kila mmoja huuita kwa lugha ya kwao. Kutokana na tendo hilo hilo tumepata mtunzi, utungo na mtungo. Mshairi wa Lamu anapotunga shairi hufanya kwa maneno kile ambacho mama yake alifanya kwa shanga. Waarabu nao walifikia wazo hilo kwa njia yao wenyewe, kwani nadhmu, ambalo ni jina lao la ushairi, maana yake ya kwanza ni kutunga lulu uzini. Sioni sababu ya kubishana ni nani aliyemfundisha mwenzake.

Kuhusu shanga zenyewe, ushahidi wa ardhini ni wa zamani sana. Katika kisiwa cha Pate upo mji uliokufa uitwao Shanga. Huko Mark Horton, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Pamoja na hayo vilionekana vigae vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugua, ambavyo mafundi walivitumia kulainisha shanga za makombe ya baharini. Yaani mahali pale pale Waislamu wa mwanzo wa pwani yetu walipokuwa wakisujudu, majirani zao, au wao wenyewe, walikuwa wakikaa kitako wakisugua shanga. (Kuna wanaopenda kulihusisha jina la mji huo na Shanghai ya China. Ni hadithi tamu, nami naiacha kwa wanaoipenda.)

Baadaye zilikuja shanga za kioo kutoka Venice, na shanga nyekundu za akiki kutoka Khambhat katika Bara Hindi, na biashara ya bara ikazishika kwa mikono miwili. Richard Burton, Mwingereza aliyetembea kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana na wafanyabiashara zilikaribia 400, na kila nchi ilikuwa na zake, hata msafiri aliyechukua rangi isiyopendwa angeweza kulala njaa na mzigo wake kichwani. Zile nyekundu za mfano wa marijani ziliitwa samisami. Jina lao la utani lilikuwa kimara-pamba, yaani kimalizacho chakula, kwa sababu mtu aliweza kuuza chakula chake cha siku ili azipate. Na jina lao jingine, ambalo akina baba watalielewa zaidi, ni kivunja-mji.

Lakini linalotuhusu hapa ni namna zilivyohesabiwa. Shanga hazikuuzwa moja moja. Zilitungwa nyuzi zenye urefu uliopimwa kwa mkono wa mtu, kila uzi ukaitwa kete, na kete 10 zilipofungwa pamoja zilifanya fundo moja. Burton ameyaandika hayo, na H. M. Stanley vile vile alipojitayarishia safari yake Unguja mwaka 1871. Fundo, msomaji, ni neno letu la kila siku, lile lile la fundo la kamba. Hivyo katika biashara iliyofunga pwani na bara kwa karne nzima, kipimo cha pambo kilikuwa ni kifungo chake. Mwarabu alisema shada, Mswahili alisema fundo, na mkono uliokuwa ukikaza uzi ulikuwa ni ule ule.

Sasa tuje huku kwetu. Mwezi wa Juni mwaka 1889 msafara wa Stanley, uliokuwa ukirudi pwani pamoja na Emin Pasha, uliteremka bonde la Semliki, ukaizunguka ncha ya kusini ya milima ya Rwenzori, ukafika kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Miaka miwili baadaye, katika 1891, alikuja Kapteni Lugard. Alijenga Katwe boma aliloliita Fort George, akaendelea hadi karibu na Ziwa Albert, akarudi na askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao wengi, akawaweka katika maboma ya Toro. Askari wale walikuwa Waislamu, na wazao wao ndio Wanubi tunaowajua. Tusidhani kwamba nchi ilikuwa tupu kabla ya hapo. Chumvi ya Katwe ilikuwa ikibebwa kwenda kila upande tangu zamani, na penye chumvi huja kila kitu kinachoweza kubadilishwa na chumvi. Watoro na Wanyankole wana neno lao la shanga, enkwanzi. Waganda wana obutiiti kwa zile ndogo za kiunoni. Neno la Kiswahili lilipofika lilizikuta shanga zimekwisha tungwa na zina majina.

Njia ya pili ilikuwa ya chuma. Reli ya magharibi iliyotoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulikusanya watu wa makabila mengi, na palipokuwa hapana lugha moja ya kuzaliwa, Kiswahili kilifanya kazi. Njia ya tatu ni ya miguu, nayo haijawahi kufungwa kabisa: ni ile ivukayo Mpondwe kwenda Kasindi. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu, lugha zao zaelewana, lakini katika soko la mpakani mnunuzi na muuzaji wasiojuana hugeukia Kiswahili, kila mmoja na chake. Ndiyo maana Kiswahili cha Bwera kina ladha ya Kongo kuliko ya Unguja. Wa ng'ambo hununua bunga hali vitabu vyetu vya shule vinasema unga, na biashara haisimami kwa hilo. Maneno ya dini yalipita njia nyingine, yaani mdomo wa mwalimu na kitabu, nayo yakabaki karibu zaidi na matamshi ya pwani. Neno shada liko katikati ya njia hizo mbili, kwa sababu lina mguu mmoja sokoni na mwingine madrasani. Pengine ndiyo sababu limekuwa rahisi kulichanganya na jirani yake.

Jirani huyo ni hirizi. Kabla ya kumjadili naomba msomaji anifuate kidogo hadi jangwa la Arabuni, kwa sababu kipo kisa cha shanga ambacho kila Mwislamu hukitumia bila ya kukumbuka kwamba kimeanza na shanga.

Imepokewa katika vitabu vya Hadithi vilivyo sahihi kwamba Mama wa Waumini, Bibi Aisha, alikuwa safarini pamoja na Mtume, naye amevaa mkufu alioazima kwa dada yake Asmaa. Mkufu ukamkatikia ukapotea. Mtume akasimamisha msafara ili utafutwe. Mahali pale hapakuwa na maji, wala watu hawakuwa na akiba ya maji, na wakati wa Sala ukaingia. Watu walimlalamikia Abu Bakr, naye akamkemea binti yake kwa kuwazuia Waislamu kwa ajili ya pambo. Ndipo ikateremka aya ya kutayamamu. Walipomwinua ngamia aliyekuwa amempanda, waliukuta mkufu chini yake. Basi kila mgonjwa asiyeweza kutumia maji, na kila msafiri aliyekosa maji, anayepiga mikono yake juu ya udongo safi, ruhusa yake imefungamana na uzi uliokatika. Katika safari nyingine pia alipoteza mkufu wa shanga za jiwe la Yemen, za Dhafar, akabaki nyuma kuutafuta, na kutokana na hapo wanafiki wakazusha uwongo wao, hata Mwenyezi Mungu akamtakasa kwa aya za Sura ya Nuru.

Sisemi kwamba visa hivi vinamaliza mjadala. Nasema kwamba mkufu wa shanga ulikuwa shingoni mwa Bibi Aisha, Mtume akiuona, na alipoulizwa habari zake hakusema avue. Alisimamisha jeshi ili utafutwe.

Na tazama neno lenyewe. Mkufu huo katika Hadithi umeitwa 'iqd. Asili yake ni kufunga fundo. Kutokana na asili hiyo yatoka maneno ambayo hatuwezi kuishi bila ya hayo: akdi ya ndoa inayofungwa mbele ya mashahidi, akida, yaani yale ambayo moyo umeyafunga ukayaamini, na itikadi, ambayo ni ndugu yake. Hata wale maakida ambao Wajerumani waliwaweka Tanganyika kuwakusanyia watu kodi walichukua cheo chao katika nyumba hiyo, maana akidi kwa Waarabu ni mkubwa wa askari. Lakini mafundo yanayopuliziwa na wachawi, ambayo tunaomba kinga nayo katika Sura ya Alfalaqi, nayo yametajwa kwa neno la asili ile ile. Fundo moja hufunga ndoa, jingine hufunga imani, jingine hufunga shanga, na jingine ni la uchawi. Anayetaka kuyakata mafundo yote kwa sababu moja kati ya hayo ni ovu, aanze na la ndoa yake.

Hirizi sasa. Neno hili halina habari ya kufunga wala ya kuning'inia. Kwa Kiarabu hirzi ni mahali pa hifadhi, ngome, kitu kilindacho. Wanafunzi wa fikihi wanalikuta katika mlango wa wizi: mali lazima iwe imeibwa kutoka katika hirzi yake, yaani mahali pa kuhifadhiwa mali ya namna hiyo, ndipo adhabu ya mwizi ipate kutajwa, fedha iliyoachwa njiani haiko katika hirzi. Kwa maana hiyo karatasi iliyoandikwa ikatiwa katika ngozi na kuvaliwa ikaitwa hirizi, kwani mvaaji aliitegemea imlinde. Jina lilitoka katika kazi, wala si katika umbo. Ungeweza kuifukia hirizi chini ya kizingiti, ambako hakuna kinachoning'inia, na bado ingekuwa hirizi.

Juu ya hirizi wanavyuoni wana maneno marefu, nami nitayapita kwa ufupi. Hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir imekataza kwa ukali kuning'iniza tamima. Kuhusu zile zilizoandikwa Qur'ani au dua tu, masahaba wenyewe wamepokewa kauli mbili: Abdullah bin Mas'ud alikuwa mkali, na kutoka kwa Abdullah bin Amr imepokewa kwamba aliwaandikia dua watoto wake wadogo wasioweza kuihifadhi, akawavika. Mwenye kutaka zaidi na aende kwa shehe wake.

Ila hapa pana jambo ambalo wapinzani wangu wanaweza kunishika nalo, na ni haki nilitaje mwenyewe. Tamima ilikuwa nini? Wanalugha wa Kiarabu wanaeleza kwamba ilikuwa ni ushanga wenye madoadoa, uliotungwa katika ugwe wa ngozi na kufungwa shingoni mwa mtoto ili jicho la hasidi lisimpate. Yaani ushanga! Kitu kile kile ambacho kwa Bibi Aisha kilikuwa pambo, kwa Mwarabu wa zama za ujinga kilikuwa ngome. Kwa hiyo jicho la mtazamaji haliwezi kutoa hukumu. Uzi ni ule, shanga ni zile, shingo ni shingo. Tofauti yao imo katika jibu la swali moja, na swali hilo huulizwa mvaaji: umeufunga wa nini?

Huku kwetu majibu ya swali hilo ni zaidi ya mawili. Yupo mama ambaye amemfunga mtoto uzi wa shanga kiunoni ili ajue kama ananenepa au anakonda: uzi ukibana, mtoto anakua, ukilegea ukaanza kuteremka, ampeleke kwa mganga wa hospitali mapema. Huyo ametumia shanga kama mkunga atumiavyo mizani, na kumwita mshirikina ni kumdhulumu. Yupo aliyefunga uzi mwingine mfano wa huo huo, akaamini kwamba ukikatwa mtoto atakufa. Huyo anahitaji mafundisho. Na yupo bibi aliyevaa shada lake miaka 60, amelivaa kwa sababu mama yake alimvika siku ya arusi, na hana jibu jingine. Nimewaona wa namna hiyo wakikatiwa shanga na kijana ambaye hakuuliza hata jina la kijiji chao. Shanga zile zilimwagika zikaokotwa na watoto. Hapakukatwa shirki yoyote hapo, maana haikuwapo. Kilichokatwa ni mpangilio wa rangi ambao bibi yule pengine peke yake aliujua, nao hauwezi kufungwa tena kama ulivyokuwa.

Wazee wa pwani walikuwa na adabu katika jambo hili. Maneno yao ya mapambo ni mengi na kila moja lina mahali pake: kipini cha puani, majasi na vipuli vya masikioni, kidani na mkufu vya shingoni, kikuku cha mkononi, mtali na furungu za miguuni. Hirizi haikuingizwa katika orodha ya mapambo, wala mapambo katika orodha ya hirizi. Mtu aliposema mke wake amevaa kidani, hakuna aliyemuuliza kinamkinga na nini.

Hata taa zilikuwa na neno lao. Kandili iliyotundikwa katikati ya msikiti ilipata jina lake kwa Waarabu, nao wakalipata kwa Wagiriki, nao Wagiriki kwa Warumi, ambao kwao maana yake ilikuwa mshumaa tu. Waturuki hata leo huita usiku wa Maulidi na siku nyingine tukufu kandili, kwa ajili ya taa zilizokuwa zikitundikwa minarani. Kuhusu mapambo ya ukutani, ipo Hadithi ya pazia la Bibi Aisha lenye picha, ambalo Mtume alimwambia aliondoe, kwani picha zake zilikuwa zikimjia machoni alipokuwa akisali. Sababu iliyotajwa hapo ni picha na kushughulishwa katika Sala. Kuning'inia hakukutajwa. Kwa hiyo anayetaka kuwauliza vijana juu ya vishada vyao vya karatasi, ana maswali ya haki ya kuuliza: vimewekwa mbele ya wanaosali, au uani? Vina picha, au ni rangi tu? Vimenunuliwa kwa fedha ya nani? Maswali hayo yana majibu, na majibu yake hayahitaji neno hirizi.

Limebaki jambo moja, nalo lina ugumu wake. Omani na Unguja mafundi wa fedha walikuwa wakitengeneza vijisanduku vidogo vilivyonakshiwa, vyenye vipete pembeni na vijikengele au minyororo midogo chini yake, ili karatasi iliyoandikwa iwekwe ndani na kuvaliwa kifuani kwa mkufu mzito. Hirizi hizo za fedha zilihesabiwa pia kuwa mali ya mwanamke, na siku ya shida ziliweza kuuzwa kwa uzito wake. Leo zinaonekana katika maduka ya sonara na katika nyumba za kumbukumbu, na mabibi arusi huzivaa. Ukikifungua kijisanduku, mara nyingi ndani hakuna kitu. Hakuna karatasi, hakuna aya, hakuna jina la mtu. Jina limebaki hirizi, na kazi imekuwa ya kidani. Kwa kipimo tulichokifuata katika kurasa hizi, kitu hicho tukiite nini? Mimi naona kimekwisha kuhama nyumba yake, kimeingia katika nyumba ya shada, ijapokuwa kingali kinaitwa kwa jina la nyumba ya zamani. Shehe mmoja wa Bwera niliyemweleza hivyo alitabasamu, akasema kwamba yeye kabla ya kukubali angekitia kidole ndani kwanza.